Picha ya Kimbunga Imekufikia Kwenye Simu, Utajuaje Kama ni ya Kweli? Mwongozo Kamili

Kila kimbunga kikubwa kikipiga pwani ya Marekani au visiwa vya Karibiani, upepo haujatulia bado na picha zishajaa kwenye magrupu ya wasap, mara papa anaogelea katikati ya barabara kuu, mara wingu jeusi limefunika mji mzima, mara mtoto analia kwenye boti. Kwa watu wenye ndugu Houston, Tampa au Kingston hizi picha zinatia presha kweli, mtu anapiga simu haipatikani, anaangalia picha anaona dunia imeisha. Ndo maana nimeamua kuandika hatua kwa hatua jinsi ya kukagua, na unahitaji simu tu na bando kidogo.

Kitu kimoja ukielewe kabla hatujaanza. Picha nyingi feki za vimbunga hazijatengenezwa na mtu, ni picha halisi kabisa zilizopigwa mahali pengine mwaka mwingine, halafu mtu akazibandika jina la kimbunga cha leo. Kwa hiyo ukianza kwa kuzoom kutafuta kama kuna sehemu imeunganishwa, unaweza kukaa saa nzima usione kitu na bado ukadanganywa. Anza na maswali matatu: imepigwa wapi, lini, na nani aliyekuwa nyuma ya kamera. Hatua zote zinazofuata ni njia za kuyajibu hayo.

Hatua ya 1: Tenganisha picha na maneno yake

Kabla ya kuforwadi, andika mahali (notisi za simu zinatosha) hilo dai linasema nini hasa. "Hii ni New Orleans, kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005." Hilo ni dai, lina mahali na lina tarehe, linakagulika. "Mungu tuhurumie, ona Marekani" hilo sio dai, hapo huna cha kukagua, mrudie aliyekutumia umuulize ni wapi na kaipata kwa nani. Mara nyingi hatajua, na hiyo nayo ni taarifa.

Halafu omba picha yenyewe, usikubali skrinshoti ya skrinshoti. Wasap ikipitisha picha kwa njia ya kawaida inaibana na kuifutia taarifa za ndani, yaani tarehe, aina ya kamera, saa nyingine hata mahali ilipopigwa, ndo maana ukiifungua unakuta hakuna kitu. Mtu akikuambia "mimi ndo nimepiga" mwambie aitume kama dokumenti au kwa imeili, hizo taarifa zinabaki. Ila nazo zinaweza kubadilishwa, kwa hiyo usizifanye ushahidi pekee.

Hatua ya 2: Itafute picha kwa picha

Hii ndo hatua yenye faida kuliko zote, ukikosa muda fanya hii tu. Fungua Google Lens kwenye simu, weka picha, angalia imeshatokea wapi. Halafu nenda TinEye, tovuti ya kutafuta picha, chagua kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Unachotafuta ni tarehe: picha inayodaiwa kuwa ya kimbunga cha wiki hii ikionekana mtandaoni miaka mitano nyuma, kesi imekwisha, huhitaji kubishana na mtu. Yandex, injini ya kutafuta ya Urusi, nayo ijaribu, kuna picha inazipata ambazo Google haizioni.

Chukua mfano wa Katrina. Baada ya kile kimbunga kuua watu zaidi ya elfu moja mwaka 2005, ilizunguka imeili yenye mfululizo wa picha za kutisha mno, mawingu ya rangi ya kijani na bluu yaliyojipanga ngazi ngazi juu ya mashamba na barabara, watu wakaambiwa ndivyo Katrina ilivyoonekana ikija. Picha zilikuwa halisi, hakuna aliyezichezea, lakini nyingi zilipigwa na Mike Hollingshead, jamaa wa Nebraska anayefukuza dhoruba kwa gari na kamera, na alizipiga kwenye nyanda za katikati ya Marekani kabla Katrina haijazaliwa. Kutoka Nebraska mpaka pwani ya Ghuba ya Meksiko ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo watu wengi waliangalia dhoruba za radi za nchi kavu wakiamini wanaangalia kimbunga cha baharini.

Na hayakuishia hapo. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipokuwa kinakaribia New York, ikatoka picha ya Sanamu ya Uhuru imesimama chini ya wingu kubwa linalozunguka, nzuri kuliko picha zote za siku ile. Lile wingu lilikuwa la Hollingshead yule yule, la mwezi Mei 2004 kule Nebraska, mtu kalikata akalipandikiza nyuma ya sanamu.

Hapa kuna mbinu ambayo wengi hawaijui: kama picha nzima haileti matokeo, ikate vipande. Tafuta wingu peke yake, jengo peke yake, mnyama peke yake. Pia igeuze kushoto kulia ndo uitafute tena, sababu wanaotengeneza hizi picha wanapenda kuzigeuza ili zisipatikane. Chukua papa maarufu wa barabarani. Yule papa asili yake ni picha ya Thomas Peschak iliyopigwa Afrika Kusini, papa mkubwa mweupe anafuata mtu kwenye kayaki, ilichapishwa kwenye jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Mtu akamkata papa akamweka kwenye barabara iliyofurika, mwaka 2011 ikadaiwa ni Puerto Rico kimbunga Irene, 2017 ikawa Houston kimbunga Harvey, 2018 ikawa North Carolina kimbunga Florence. Ukishamjua huyu papa (kajipinda kidogo, pezi la mgongoni liko juu ya maji) utamtambua kila akirudi, na atarudi.

Ikiwa ni video, simamisha mwanzoni, katikati na mwishoni, piga skrinshoti, tafuta kila moja. Kwenye kompyuta kuna programu ya kuongeza kwenye brauza inaitwa InVID-WeVerify, inakukatia video vipande yenyewe na kuvitafuta sehemu kadhaa kwa mpigo.

Hatua ya 3: Liulize wingu

Kimbunga cha baharini kina upana wa mamia ya kilomita. Ukiwa chini yake huwezi kuona umbo lake, huoni ukingo, huoni duara, unaona mbingu ya kijivu, mvua inakwenda ubavu, minazi imelala na kamera inatetemeka. Picha za kweli za kimbunga kikiwa kinapiga mara nyingi ni mbaya kwa macho, zina ukungu na matone kwenye lenzi. Ukionyeshwa wingu moja lenye umbo safi kama sahani, chini yake upeo wa macho unaonekana vizuri na jua linapenya pembeni, hapo unaangalia dhoruba ya radi, haijalishi kapsheni inasemaje.

Kama ni picha ya setelaiti angalia linavyozunguka. Kaskazini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kinyume cha mshale wa saa, kusini vinazunguka kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo Katrina, Sandy, Milton wote kinyume. Idai iliyopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019 na Hidaya iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, hao walifuata mshale wa saa. Mtu akikuletea "setelaiti ya Hidaya" inazunguka kinyume cha saa basi ni kimbunga cha kaskazini au picha imegeuzwa, huhitaji kuwa mtaalamu wa hali ya hewa kuliona hilo.

Hatua ya 4: Kagua saa

Hii watu wanaisahau sana na ni rahisi. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichopo Miami kinatoa saa na mahali kila kimbunga kilipoingia nchi kavu, na baadaye kinatoa ripoti ndefu, zote ziko bure mtandaoni. Helene iliingia Florida tarehe 26 Septemba 2024 kama saa tano usiku. Milton ikaingia Siesta Key tarehe 9 Oktoba 2024 kama saa mbili na nusu usiku. Sasa mtu akikutumia video ya "Milton ikiingia Siesta Key" na jua linawaka, jibu unalo.

Melissa ya tarehe 28 Oktoba 2025 ni tofauti, ile iliingia Jamaika mchana kweupe, saa saba kwa saa za mashariki ya Marekani ambayo kwa Jamaika wakati huo ni saa sita mchana, na ilikuwa kwenye daraja la 5 ambalo ndo la juu kabisa. Ripoti zimeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo wewe uliye Dar au Nairobi ongeza saa 3 kupata saa zako: Melissa ilikuwa 17:00 UTC, kwetu saa mbili usiku. Nasisitiza hili sababu nimeona watu wakibisha kuwa video ni feki eti "mbona kwao mchana na sisi tumeiona usiku". Ni kweli kwao ulikuwa mchana.

Kuna kosa la pili linafanana na hilo. Watu wanaona picha ya mji uliozama huku anga ni ya bluu safi, wanasema haiwezekani kuwa kimbunga. Inawezekana kabisa. Katrina iliingia Louisiana alfajiri ya tarehe 29 Agosti, kingo za kuzuia maji zikapasuka, asilimia 80 ya New Orleans ikafunikwa, na maji yalikaa wiki kadhaa wakati jua linachoma kila siku. Picha nyingi maarufu za Katrina, watu juu ya mapaa wanapunga mashati, zilipigwa chini ya jua kali. Kimbunga kilikuwa kishapita, maji hayakupita.

Hatua ya 5: Soma mahali panapoonekana kwenye picha

Zoom sasa, ila usitafute piksel zilizoungwa, tafuta vibao. Namba za magari, majina ya maduka, rangi ya mabasi ya shule, nguzo za umeme, upande wanaoendeshea. Jamaika wanaendesha kushoto kama sisi, Florida wanaendesha kulia. Ukipata jina la barabara au duka, liandike Google Maps halafu ingia picha za mtaani, linganisha madirisha, ngazi, umbo la paa, mti uliopo kona. Jengo likikubali sehemu tatu nne, mahali umeshapata.

Ngoja nikae kidogo kwenye kitu kimoja cha New Orleans. Baada ya Katrina vikosi vya uokoaji vilikuwa vinachora alama ya X kubwa kwa rangi ya kupuliza kwenye ukuta au mlango wa kila nyumba waliyoikagua. Ile X inagawa ukuta vyumba vinne: juu tarehe, kushoto jina la kikosi, kulia hatari iliyomo ndani kama gesi au mbwa mkali, chini idadi ya watu waliokutwa, hai au wafu. Ukiona picha ya mlango umeandikwa juu 9-12, kumbuka Wamarekani wanatanguliza mwezi, hiyo ni tarehe 12 Septemba, sio 9 Desemba. Kwa hiyo picha hiyo haiwezi kuwa ya siku kimbunga kilipopiga, ni wiki mbili baadaye, na namba iliyo chini ya X ndo jibu la nyumba ile. Picha za hivi ziangalie kwa heshima, kuna mtu alikuwa anaishi pale.

Kama picha ni ya angani kuna hazina ambayo watu hawaitumii. Shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, linarusha ndege baada ya vimbunga vikubwa kupiga picha pwani iliyoharibika na kuziweka kwenye ramani ya bure, storms.ngs.noaa.gov. Unachagua kimbunga, unasogea mpaka mtaa unaoutaka, unalinganisha nyumba kwa nyumba. Na kama ndugu yako anaishi pwani, humo humo unaweza kuona paa lake kama lipo.

Hatua ya 6: Je, imetengenezwa na akili bandia (AI)?

Hii imekuwa kubwa tangu 2024. Wakati wa Helene ilisambaa picha ya mtoto wa kike kwenye boti amevaa jaketi la kuokolea, analia, kambeba mbwa mdogo. Watu waliilia, hata wanasiasa waliisambaza. Zilikuwepo mbili tatu za aina hiyo na ukiziweka pamoja unaona boti imebadilika, nguo zimebadilika. Tukio moja haliwezi kuwa na boti mbili. Basi hiyo iwe tabia yako: ukiona picha inayogusa moyo sana, tafuta nyingine ya tukio lile lile. Mtoto akiokolewa kweli kuna muokoaji, kuna jirani aliyerekodi, kuna gazeti la pale pale lililouliza jina la mtaa. Picha ya AI inakuja peke yake, haina kabla wala baada.

Dalili nyingine bado zinasaidia: vidole, maandishi ya vibao yasiyosomeka, nywele kavu kwenye mvua, mbao zilizoyeyukiana kwenye kifusi, maji yasiyoakisi kitu kilichopo juu yake. Video za Melissa nyingi zilitengenezwa na Sora, zana ya AI ya kutengeneza video, na zilikuwa na alama ya Sora inayohamahama kwenye skrini, wajanja wakaifuta, kwa hiyo tafuta sehemu yenye ukungu usio na sababu unaoruka kutoka kona hadi kona. Ila usitegemee dalili hizi peke yake, kila miezi zinapungua. Gemini, programu ya AI ya Google, unaweza kuipa picha ukaiuliza kama ina SynthID, alama isiyoonekana kwa macho, ikisema ipo basi imetengenezwa au kubadilishwa na zana za Google, ikisema haipo haimaanishi ni ya kweli, AI ziko nyingi. Na zile tovuti zinazokupa "asilimia 87 ni AI" mimi sizitumii kama ushahidi, zinakosea pande zote mbili.

Hatua ya 7: Picha ni ya kweli, je maneno?

Umeshapata mahali na tarehe vinakubali, bado hujamaliza. Tarehe 30 Agosti 2005 zilitoka picha mbili za New Orleans kutoka mashirika mawili tofauti, kwa wasomaji zikakutana Yahoo. Moja kijana mweusi anapita kwenye maji ya kifuani kabeba vitu, kapsheni inasema katoka kupora duka. Nyingine watu wawili weupe, maji yale yale, wamebeba vitu, kapsheni inasema wamepata mkate na soda. Picha zote mbili halisi. Wewe soma picha bila maneno kwanza, jiulize jicho linaona nini hasa: mtu, maji, mfuko. Neno "kupora" haliko ndani ya picha, mtu kaliweka, na lazima aseme kajuaje.

Kuna na ile ya Sandy, wanajeshi wanalinda Kaburi la Askari Asiyejulikana kule Arlington mvua inanyesha. Picha halisi, wanajeshi halisi, mvua halisi, ila ilipigwa Septemba 2012 na Sandy ilikuja mwishoni mwa Oktoba. Watafiti waliochambua twita za Sandy walikusanya zaidi ya 10,000 zenye picha feki na asilimia 86 kati ya hizo zilikuwa retwiti tu. Yaani waliobuni ni wachache sana, kazi kubwa ya kueneza ilifanywa na watu wa kawaida waliobonyeza kitufe.

Hatua ya 8: Usikimbilie kusema feki

Hili linaniuma kuliko hata picha za uongo. Mtu kapoteza nyumba, kapiga picha, kaiposti, halafu watu elfu moja wanamwambia ni AI. Ajabu ya kweli ipo. Sandy ilichukua rola kosta nzima ya Seaside Heights, New Jersey, ikaiacha imesimama ndani ya bahari, picha ile ilionekana kama ya filamu na ni ya kweli, ilikaa majini hadi Mei 2013 ilipobomolewa. Kamera ya usalama ya stesheni ya treni Hoboken ilinasa maji yanamiminika kupitia milango ya lifti, nayo ni ya kweli. Na mwaka 2022, baada ya miaka 11 ya yule papa wa uongo, ikatoka video ya Fort Myers wakati wa kimbunga Ian inaonyesha samaki mkubwa mwenye pezi kama la papa anajirusha kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba uliofurika. Watu wote wakasema tunamjua huyo. Waandishi wakaifuatilia mpaka kwa aliyerekodi, wakapata faili halisi, video ni ya kweli. Waliobaki kubishana ni wataalamu wa samaki, kama ni papa au ni samaki mwingine.

Kwa hiyo majibu yako yawe matatu: ya kweli, ya uongo, na haijathibitishwa. Hilo la tatu usilionee aibu.

Hatua ya 9: Kurudisha jibu kwenye grupu

Ukipata chanzo, tuma linki ya picha ya asili, mwaka na mahali, mstari mmoja tu: "Hii ni dhoruba ya Nebraska 2004, sio kimbunga, ya asili hii hapa." Kama aliyeposti ni mama mdogo au mzee wa familia mwandikie inboksi kwanza ili aifute mwenyewe, usimsahihishe mbele ya wajukuu, atakasirika na picha itabaki. Kama chini ya picha kuna namba ya kuchangia pesa, hapo usingoje, sema hadharani watu wasitume mpaka ijulikane namba ni ya nani. Kama hujaweza kuipata chanzo, wapelekee PesaCheck, ni wakaguzi wa habari, wapo Nairobi na wanaandika hata kwa Kiswahili. Na kama mtu kaiposti sababu anamtafuta ndugu yake aliyeko kule, msaidie kwanza kumtafuta: meseji ya kawaida, sio simu, mara nyingi meseji inapenya wakati mtandao umelemewa na simu haiiti.